Fundi cherehani na ardhi ya watu

Fundi cherehani akianza kuzungumzia njaa ya dunia, mguu hukanyaga pedali taratibu. Akifika kwenye joto la dunia na nani apunguze moshi kwanza, cherehani huenda mbio. Lakini ukimgusia ardhi ya Wayahudi na Waarabu, atasimamisha kazi kabisa, atoe pini mdomoni, aikamate futi shingoni kwa mikono miwili. "Wagawane! Huyu ana babu pale, na yule ana babu palepale. Ubishi wa nini, jamani?"

Juzi alikuwa katikati ya hukumu hiyo, mama wa bibi harusi akisubiri gauni la jioni, mara shemeji yake fundi viatu, ambaye wanachangia naye kibaraza, akasogeza stuli kukimbia jua. Fundi akakatiza maneno. Akairudisha stuli kwa ncha ya mguu. "Hapa pangu, shemeji. Marehemu baba alikaa hapa."

"Na wangu alikaa wapi, juu ya bati?"

Wakazozana mpaka sauti zikawakauka. Mama akainuka, akapita katikati yao, akaketi kwenye ile stuli na kunyoosha miguu.

"Haya, shona," akasema. "Gauni likiisha, nitahama."