Mwanasesere wa Mwalimu Aida

Mwalimu Aida na mimi baba zetu ni ndugu, tumelelewa nyumba moja, kwa hiyo nikimsema sina wa kumwogopa. Yeye husomesha nasari hapa Mji wa Kale, mwaka wa ishirini na tatu huu. Mimi huwapikia uji hao watoto wake na kuwafuta kamasi. Ni mtu mwema Aida, lakini ana ugonjwa mmoja, kutunza vitu. Makochi ya kwake hayajavuliwa nailoni tangu alipoolewa. Uyakalie wakati wa joto la kaskazi, ukiinuka ngozi ya paja inabaki. Mumewe amesema mpaka amechoka.

Somo analolipenda ni la vitu vya kuchezea. Huvitia ndani ya mfuko alioushona kwa kanga, mtoto akatia mkono bila kuchungulia, akapapasa, akasema ameshika nini: kigari, mpira, kigumu, laini. Kisha huvitenga, vinavyobingirika huku, visivyobingirika kule. Watoto wapya husahau hata kulia. Ila vile vizuri vilivyoletwa na wafadhili vilikaa juu ya kabati ndani ya nailoni zake, na watoto walifundishwa kuvitaja kwa mbali. Vya kutazama hivyo, aliwaambia, si vya kushika.

Mwaka huu tulimpata Joy, miaka mitano, kutoka Majengo. Mamake, Mutanu, hufua nguo za watu kule Likoni. Muhula mzima Joy hakutamka neno. Alitia mkono mfukoni, akashika kitu, akanyamaza nacho. Jina lake hakulisema. Bwana Zaki, mwenye skuli, akasema mtoto huyo hatufai, atafutiwe skuli maalumu. Akampa Aida mpaka Ijumaa amtoe walau neno moja. Mimi nami, Mungu anisamehe, nilisema afadhali aende. Yale macho yake yalinichosha. Lakini Aida hakuwa na raha wiki ile. Alijua Mutanu hana njia ya kumpeleka kwingine, na kumtoa Joy kwetu ni kumrudisha nyumbani akakae.

Alhamisi akaja na mwanasesere wake. Ukoo mzima tunamjua. Marehemu ami yangu, babake Aida, alikuwa baharia, akamletea kutoka Dubai Aida akiwa na miaka saba. Mamake akamchukua siku ile ile asije akachafuliwa, akamtia kabati la vioo pamoja na vikombe vya wageni. Aida amekua, ameolewa, amezaa wanne, na mwanasesere bado yumo bokisini mwake, mikono imefungwa kwa waya vile vile alivyotoka dukani. Binti zake wenyewe hawakupata kumshika. Safari hii alifikiri mtoto akiona kitu kizuri kupita vyote, ulimi utafunguka.

Akamweka mezani, akawaita mmoja mmoja waje watazame, mikono nyuma. Ana nywele, wakasema. Ana viatu. Zamu ya Joy ilipofika, akasimama tu. Nikamwambia Aida amrudishe akakae, uji unapoa. Joy akainama mpaka pua ikagusa plastiki ya lile bokisi, akamwuliza mwanasesere taratibu:

"Na wewe mamako amekufungia?"

Aida akachuchumaa karibu naye. "Nani mwengine amefungiwa, mwanangu?"

"Mimi."

Yaliyobaki alimweleza mwanasesere, si sisi. Mama akija kumchukua saa sita humpeleka nyumbani, akampa chakula, akatia kufuli kwa nje, akashika njia ya Feri kuvuka Likoni kufua. Hurudi magharibi. Amemwambia asitoe sauti, majirani wasijue yumo peke yake. Ndiyo sababu hasemi. Mtoto alikuwa akitii, masikini, na sisi tukamwona ana kasoro.

Aida akachukua mkasi akaipasua ile plastiki. Akakata waya wa mkono wa kulia, wa kushoto, akampa. Nywele za mwanasesere zilikuwa zimeoza kwa miaka, zikabaki viganjani mwa Joy. Aida hakuzitazama mara mbili.

Saa sita Mutanu akafika mbio, kama kawaida yake. Nilijiandaa kumgombeza. Aida akaniwahi, akamweleza aliyoyasikia bila kumkaripia. Mutanu akajifunika uso kwa leso.

"Ningemwacha na nani, Mwalimu?"

Tumekuwa tukimwona mwanamke huyu kila siku, na hakuna kati yetu aliyemwuliza.

"Mwache na mimi," Aida akasema. "Kuanzia leo, mpaka urudi."

Mutanu akaenda zake kazini. Tukamchukua Joy mpaka kwa Aida, mimi nikashughulika na wali. Joy akakaa mkekani na yule mwanasesere kipara, nusu saa nzima, midomo ikicheza bila kutoka kitu. Kisha akaja jikoni, akamvuta Aida nguo.

"Mwalimu, hapa watu wanajua niko?"

"Wanajua, mwanangu. Sote tunajua."

Akaanza kuimba.