Dawa Inayotaka Baridi

Tii. Sauti hiyo fupi ya kipima sukari, mashine ndogo inayoenea kiganjani, naisikia hadi leo. Niliisikia mara ya kwanza asubuhi niliyoanza kazi kwenye zahanati moja ya ufukweni, mbali kidogo na Mwanza mjini. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, cheti cha kidato cha nne chenye alama za kusikitisha, na ndoto ya kuwa daktari. Hata rangi ya gari nilishachagua.

Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alikuwa mama wa Kihaya asiyependa kelele. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba" bila kuinua kichwa, kisha akanisukumia kisindano.

"Jichome."

"Mimi? Mbona siumwi, mganga?"

"Ndiyo maana. Asiyejua inavyouma atachoma watu kama anatoboa viatu."

Nikajichoma pembeni ya kidole, kwa sababu katikati ndiko kunakouma zaidi. Damu ikapanda kwenye kijiti cha kipimo, mashine ikahesabu, tii. Akasoma namba. "Uko salama. Machozi kafutie nje, wagonjwa wasikuone."

Kazi yetu wahudumu wa afya ngazi ya jamii ilikuwa kuwafuata watu nyumbani kwao. Ukifika unaamkia, unakaa, unaulizwa habari za mvua na za ng'ombe, ndipo unafungua mkoba. Miguu tuliipima kwa kipande cha uzi wa nailoni, ule wa kuvulia. Mgonjwa anafumba macho, unamgusa unyayo, naye anasema akihisi. Asiyehisi anaweza kukanyaga mwiba asijue, na kidonda kikaanza kimyakimya. Mzee mmoja alipaza sauti, "Nimehisi!" kabla sijamgusa.

"Babu, bado."

"Najua, mjukuu wangu. Nakusaidia umalize haraka."

Mwaka wa tatu nilihamishiwa kwenye kituo cha afya karibu na mwalo mkubwa, pale mitumbwi inapoteremsha samaki. Msimamizi wangu huko alikuwa muuguzi mkuu wa kituo, baba mpole aliyependa kutukumbusha kwamba maneno yetu nayo ni dawa, yana kipimo chake. Mimi nilidhani ni utani wa wazee.

Huko ndiko nilikokutana na Mama Kabula, mchuuzi wa sangara wa barafu. Vidonge vilikuwa vimeshindwa kushusha sukari yake, akaanzishiwa insulini, dawa ya kujidunga. Wasio na friji tuliwafundisha kuweka chupa ya dawa ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga wenye maji. Lakini siku hiyo nyumba saba zilikuwa bado zinanisubiri. Nikamwambia tu, "Mama, dawa hii inataka baridi. Ikipata joto inakufa."

Akacheka mpaka khanga ikamdondoka begani. "Baridi? Mwanangu, baridi ndiyo naiuza mimi!"

Kabula, binti yake mkubwa, akacheka. Na mimi nikacheka, nikaaga.

Wiki ya pili niliporudi, kipima sukari hakikutoa namba. Kilionyesha herufi tu, maana yake sukari imepita uwezo wake wa kuhesabu.

"Mama Kabula, umekunywa soda."

"Sijaigusa."

"Na sindano?"

"Asubuhi na jioni. Muulize huyu."

"Sukari haipandi hivi yenyewe, mama. Usinidanganye."

Kabula akamgeukia. "Kumbe, mama? Na sisi tunahangaika hivi?"

Mama Kabula akatazama chini. Nilimwandikia rufaa. Akasema ataenda akishauza mzigo, samaki wasioze, nami nikamwachia. Kesho yake tulimkuta amelala chini anahema kwa nguvu, pumzi yake inanuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Akakimbizwa hospitali ya mjini.

Muuguzi mkuu akanituma nyumbani kwa Mama Kabula nikalete chupa ya dawa. Kabula hakwenda chumbani wala jikoni. Alifungua kasha la samaki, akaingiza mkono hadi kiwiko kwenye barafu iliyochanganywa na chumvi, akaitoa. Ilikuwa imeganda kama jiwe.

"Mama alisema ikae katikati kabisa, penye baridi kuliko pote," aliniambia. "Akitaka kujidunga anaiyeyushia kwapani. Kwani kuna ubaya?"

Nilipofika kituoni dawa ilikuwa imeyeyuka. Muuguzi mkuu akaiinua dirishani. Vipande vyeupe vilielea ndani kama maziwa yaliyokatika.

"Insulini ikiganda imekufa," akasema. "Huyu mama amekuwa akijidunga bure. Ulimwambiaje?"

"Kwamba inataka baridi."

"Baridi gani?"



Mama Kabula alifariki siku ya tatu, kabla sijamwomba radhi.

Msibani, wanawake waliokuwa wakichambua mchele walinong'ona kwamba soda ndizo zilizomponza. Kabula aliwasikia, akainama kwa aibu. Nilipiga magoti mbele yake, wote wakisikia.

"Mama yako hakunywa soda. Alifanya kila nilichomwambia. Mimi ndiye sikumwambia yote."

"Nilimnunia, dada," Kabula akasema. "Hata uji sikumpa kwa mkono wangu. Mpaka wakambeba."

Nilikaa kwenye kazi miaka mitatu zaidi. Sikutoka tena nyumba ya mtu kabla sijasema, "Nionyeshe itakapolala dawa," nikapaona kwa macho yangu. Wadogo zangu mnaoanza, mgonjwa akikuambia amefuata, mwamini kwanza, halafu tafuta kilichoharibika. Sasa mkataba umeisha, nashona nguo Buzuruga, mjini Mwanza. Udaktari bado nauota nikiwa kwenye cherehani, najichekea.

Siku ya kukabidhi mkoba, wenzangu walipotoka kunywa chai, nilibaki kwenye chumba cha kumbukumbu. Nikatafuta kadi ya Mama Kabula kabatini. Kwenye mstari wa mwisho palikuwa na mwandiko wangu: "Mgonjwa hafuati masharti." Niliukata kwa kalamu. Chini yake nikaandika, "Alifuata," nikaweka jina langu, nikairudisha kadi mahali pake.