Safu ya Taka

Ukitaka kuichukia hesabu, isome kwa pua. Sisi tuliochaguliwa katika shule ya serikali tuje kuwa makarani tulianza vizuri tu, kule Lindi, kwa wino na mistari myembamba, tukifundishwa kwamba kila kitu duniani kina upande wa kuingia na upande wa kutoka. Nikauliza kama na ugali ni hivyo hivyo, na kama ndivyo, mbona upande wa kutoka hatuendi kuuandika kule chooni. Nikala fimbo. Mwalimu wetu, mtu wa pwani mwenye kanzu isiyojua vumbi, alisema hesabu haina mzaha.

Msimu wa kodi ukafika, tukapandishwa Newala kujifunza kwa vitendo. Vitendo vyenyewe ni mpira. Tangu vita vya Maji Maji vilipokwisha, rupia nani anayo? Asiye nayo huleta mpira wa porini bomani. Na mpira wa porini haupatikani kama maji ya kisima. Mtu hukata mtoria, mti utambaao wenye mpira, akajipaka utomvu mkononi na kifuani, ukikauka akaubandua pamoja na vinyweleo vyake, akauviringisha donge. Donge likikaa mzigoni siku kadhaa, linanuka kama maziwa yaliyoganda ndani ya kiatu cha askari. Wengine hutia jiwe katikati ili lizidi uzito, ndiyo maana kitabu kina safu ya taka, ya kuandika kinachopunguzwa. Kazi yangu ilikuwa mizani na kisu. Nilikuwa nikila kwa mkono wa kulia na kutapika kwa roho yote.

Mwalimu aliandika. Kando yake aliketi Mzungu wa hesabu, akimwambia cha kuandika.

Siku hiyo katika foleni nikamwona mzee mmoja wa Chilangala. Ukoo wake na ukoo wa mama yangu ni watani. Bibi yangu alipozikwa, mzee huyu alishuka kaburini kabla ya maiti, akalala chali, akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Tukampa. Angekuja akakaa kimya, hapo ndipo tungeudhika.

"Shikamoo, mzee. Bado hujafa tu?"

"Marahaba. Nife halafu nani akufunze adabu?"

"Weka mzigo hapa. Unanuka kushinda mpira wako."

"Pima sawasawa, fisi wa serikali. Humo katikati nimekutilia kinyesi cha mbuzi, ratili tano. Ukale na wenzako jioni."

Foleni nzima ikacheka. Mzungu hakucheka. Kiswahili alikijua barabara, lakini alikisomea kitabuni, na kitabu hakina watani.

"Andika," akamwambia mwalimu. "Taka, ratili tano. Mwenyewe amekiri."

Kicheko kikakatika. Siku hizi kila mtu anajua kukiri kunampeleka mtu wapi. Mzigo wa mzee ulikuwa unatosha kodi, haukuzidi. Ukipunguza ratili tano, amepungukiwa, na aliyepungukiwa anatiwa mnyororoni kubeba mizigo mpaka Lindi. Kwa umri ule angefia njiani, na huko hakuna mtani wa kumlalia kaburi.

Nikamtazama mwalimu. Yeye utani anaujua. Jioni hutusimulia jinsi watani wake walivyomwibia viatu siku ya harusi, akaenda kwa bibi arusi peku, na husimulia huku machozi ya kicheko yakimtoka. Nikangoja aseme neno. Akachovya kalamu, akaandika.

"Bwana," nikasema, "huyu ni mtani wangu."

Mzungu akamgeukia mwalimu. "Mtani ni nini?"

"Ni upuuzi wa washenzi, bwana," mwalimu akajibu. "Na kijana huyu ni mtu wa mzaha. Asisikilizwe."

Nimenusa madonge mengi msimu huu. Hakuna lililonipanda kooni kama jibu lile.

"Pasua," Mzungu akaniambia.

Nikapasua, donge baada ya donge. Harufu ikatoka kama kitu kilichokuwa kimefungiwa na hasira zake. Mzee amesimama, midomo inamcheza, hana tusi hata moja. Hilo ndilo lililonitisha. Ndani tukakuta utomvu mtupu na vinyweleo vyake, vingine vyeupe. Si jiwe, si udongo, wala huyo mbuzi hakuwahi kupita.

Mzungu akainama, akaangalia, akaziba pua. "Ni safi," akasema. Kisha akakitazama kitabu. "Lakini imekwisha andikwa. Kilichoandikwa kwa wino hakifutwi."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

Haya, miye somo hilo nililipata kwa viboko, na la viboko halisahauliki. "Bwana, haifutwi," nikasema. "Kosa huandikiwa mwenzake upande wa pili. Taka ratili tano zimetoka kwa kosa, basi mpira ratili tano uingie kwa kusahihisha. Wino unabaki, na mzee anabaki na kodi yake."

Mzungu akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu tupande huku. "Nani amekufundisha?"

"Mimi, bwana," mwalimu akawahi.

Akaandika. Mzee akapewa stakabadhi. Alipopita mbele yangu sauti ilikuwa imemrudia. "Umenichelewesha, fisi," akasema, akaninyakua kofia yangu nyekundu ya shule, akaivaa, akaondoka nayo bila haraka. Haki yake. Ningemdai, ningekuwa mimi mshenzi.

Jioni tukapangwa mstari kukaguliwa. Mzungu akasimama mbele ya kichwa changu kitupu.

"Kofia iko wapi?"

Mwalimu alikuwa ubavuni pake. Aliiona ikiondoka. Nikamtazama tena, kama mjinga asiyejifunza. Nikisema mtani wangu ameichukua, mwalimu ataulizwa tena mtani ni nini, na jibu lake nimeshalinusa. Askari wangefika Chilangala kabla mzee hajavua kofia. Mwalimu akaanza kukung'uta kanzu yake, ambayo haikuwa na kitu.

"Nimeipoteza, bwana," nikasema.

Nikala fimbo, na bei ya kofia ikakatwa katika posho yangu. Mwalimu akafungua kitabu palepale, akaandika upande wa kutoka: kofia moja, imepotea kwa uzembe wa mwanafunzi. Mwandiko wake ni mzuri. Hilo siwezi kumnyima.