Kamera Isiyolia

Mke wangu hakuipenda tangu siku ya kwanza. Nilimpiga picha sita akipepeta mchele barazani kwetu Ng'ambo, naye akaendelea na ungo wake bila habari, mpaka nilipomwonyesha. Alizitazama zote, akaweka ungo chini. "Kitu kinachokutazama bila kulia si kizuri," akasema. Nilicheka. Mimi ni mtu wa kucheka upesi na kukasirika upesi, na siku hiyo nilikuwa na furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu vya sikukuu.

Kamera yangu ya zamani ilikuwa na kioo ndani yake, na kila ukibonyeza, kioo kile kiliruka: kwaa! Kwa picha za harusi na za pasipoti, ambazo ndizo zinazonilisha, kelele hiyo haikuwa na neno. Lakini starehe yangu ni porini, na huko nimefukuza ndege miaka mingi kwa kamera yangu mwenyewe. Nabonyeza mara moja, tai ameshaondoka, nabaki na picha ya tawi. Hii mpya haina kioo kabisa. Ukichungulia kwenye kidirisha chake unaona televisheni ndogo, na unapiga picha kumi bila hata wewe mwenyewe kusikia.

Kuizoea kulinitoa jasho. Vitufe vyake ni vingi na kila kimoja kina mambo yake, na ile televisheni inakunywa betri kama mlevi wa pombe ya bure. Kilichonisumbua zaidi ni kisanduku cheupe. Kamera inatafuta jicho la mnyama yenyewe, na ikilipata inalizungushia kisanduku na haiachii. Kwa kuku wetu ilishika. Kwa mbuzi wa jirani ilishika. Lakini mara nyingine ilishika kisicho na jicho: kifundo cha mti, tundu kwenye ukuta wa udongo. Jioni moja ilizungushia kisanduku ndani ya ua wa minyaa nyuma ya nyumba, ikang'ang'ania hapo. Nilikwenda kuangalia, nikakuta majani tu. Nikaizima, nikaingia ndani, na sikupenda namna nilivyoufunga mlango haraka.

Kaka wa mke wangu anakaa Kwihara. Ana shamba la karanga na mihogo, ila moyo wake uko kwenye mizinga ya nyuki aliyoitundika mbali porini, upande wa Sikonge. Kila mwaka kabla ya kurina asali nafuatana naye. Yeye anakagua mizinga, mimi natafuta ndege. Katika ukoo wao kuna utaratibu usio na mjadala. Anayetangulia anatazama juu, kwenye mizinga. Anayefuata anatazama chini na pembeni kwa ajili ya wote wawili. Wa mbele hageuki, kwa sababu kugeuka ni kumwambia mwenzako humwamini. Majina hayaitwi porini. Wa nyuma akisimama, anagonga mti kwa mpini wa shoka, na wa mbele naye anasimama. Baba yao aliwafundisha hivyo wote, wa kiume na wa kike, na mke wangu anaujua utaratibu huo kuliko mimi.

Mimi sikuwahi kugonga mti hata siku moja. Kamera ilinigongea. Ikilia kwaa, shemeji anajua nimesimama, naye anasimama. Sasa nilikuwa na kamera isiyolia, na sikumwambia. Sikuficha, nilisahau tu, na kusahau huko kunaniuma kuliko uongo wowote niliowahi kusema.

"Mwangaluka, shemeji," alinisalimu asubuhi ile, mwenge wa kufukizia nyuki begani. Tulikwenda kwa pikipiki mpaka njia ilipokwisha, tukaendelea kwa miguu. Ilikuwa kiangazi, majani ya miyombo yamekauka, na pori lilikuwa kimya kuliko nilivyolizoea. Hata mbung'o hawakutufuata. Mzinga wa kwanza tuliukuta chini, umepasuka. Chini ya mti kulikuwa na alama za kwato kubwa, tatu zimekanyaga vizuri, ya nne imeburuzwa.

Shemeji alichuchumaa akazitazama. "Mbogo," akasema. "Huyu ana waya mguuni. Kanasa mtegoni, kaukata, katembea nao. Huyo hana msamaha kwa mtu yeyote."

"Turudi?"

"Umebaki mzinga mmoja tu upande huu, shemeji. Mimi naangalia juu. Wewe angalia kwingine kote."

Nikamjibu sawa.

Tulikuwa hatujafika kwenye mzinga huo niliposikia hondohondo upande wa kushoto. Nikasimama, nikachungulia. Ndege sikumwona, lakini kisanduku cheupe kilitokea katikati ya kichaka, kikatulia. Kifundo tena, nikawaza, nikavuta lenzi karibu. Lilikuwa jicho. Jeusi, limelowa, lina inzi pembeni. Shemeji alikuwa hatua kama ishirini mbele yangu, anakaribia kichaka kilekile, shingo ameiinua kutafuta mzinga.

Nilijua. Nalisema hili bila kulipindisha, kwa sababu nimeshalipindisha vya kutosha moyoni. Nilijua jicho lile ni la nani, na nilijua shemeji yuko wapi. Kidole kilibonyeza na kikakaa hapohapo. Picha ziliingia moja baada ya nyingine bila mlio, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nashangilia kwamba kisanduku hakijateleza hata mara moja. Pua ikatoka kichakani, zikafuata pembe. Bega la shemeji liliingia ukingoni mwa picha. Nikasogea nusu hatua kulia ili likae vizuri.

Kisha kidirisha kikawa cheusi. Betri imekwisha. Nikaondoa uso kwenye kamera, na ndipo nilipokumbuka kwamba nina mdomo. Nilimwita kwa jina lake.

Kusikia jina lake porini kulimrusha kabla hajaona chochote. Alidaka tawi, akajivuta, na pembe ikamchana kigimbi cha mguu. Mbogo alipita chini yake, akaenda zake akivunja vichaka, tukimsikia muda mrefu. Nilimfunga shemeji kwa shati langu, nikambeba mgongoni mpaka kwenye pikipiki. Njia nzima alinishukuru. "Ungechelewa kidogo tu, shemeji," alirudia. "Kidogo tu."

Alishonwa, akapona polepole. Kwihara nzima ilijua kwamba mimi ndiye niliyemwokoa. Nilipokwenda kumjulia hali, mama mkwe alinichinjia kuku, na firigisi ikawekwa kwangu, mbele ya wazee walioketi pale. Niliimeza bila kutafuna.

Picha sikuzifuta. Ningeweza, na kila jioni nilijiambia kesho. Ukweli ni kwamba zilikuwa nzuri kuliko zote nilizopiga maishani, na nilizifungua kila nilipobaki peke yangu studio.

Shemeji alikuja mwenyewe, kwa fimbo, akaketi kwenye kiti cha wateja wa pasipoti. Alitaka kumwona mbogo wake. Nilimwekea kwenye kompyuta picha ile ambayo pembe zimeshatoka. Alitabasamu. Kisha akajiona mwenyewe pembeni, mgongo wake na shingo yake iliyoinuliwa, akaacha kutabasamu.

"Hapa hujaniita bado?"

"Bado."

"Ya nyuma yake?"

Nikairudisha. Alijitazama.

"Ya nyuma yake."

Nilirudisha tena, na tena, na bega lake likawa linatoka kwenye picha kidogo kidogo, mpaka likabaki jicho peke yake kichakani. Hakuhesabu. Alipumua kwa pua, kama anavyofanya akikuta mzinga umeliwa na sisimizi. Nilitaka anitukane. Nilikuwa na hamu ya kutukanwa kuliko hamu ya chakula.

"Rudi kwenye ile yenye mgongo wangu," akasema. "Nioshee hiyo. Kubwa. Nataka nimpe dada."

Niliiosha mwenyewe. Aliibeba ndani ya bahasha mpaka nyumbani, nami nikamfuata kwa mwendo wa fimbo yake. Mke wangu alitupokea uani, akamsalimu kaka yake, akafuta mikono kwenye khanga, akaitoa picha. Aliitazama kwa muda. Kidole chake kilikwenda kwenye jicho, kikaja kwenye mgongo wa kaka yake, kikasimama.

"Na wewe ulikuwa wapi?" akaniuliza.

"Nyuma yake," nikasema.