Koti la Sweta Nne

Sketi yangu ya kwanza iliondoka nyumbani asubuhi ikinifika magotini, na kufikia saa kumi ilikuwa inafagia viatu. Nilikuwa nimeishona kwa sweta mbili za mitumba, kwa cherehani ya mkono niliyoinunua kwa familia moja ya Kitisuru iliyokuwa ikihama. Kipya kinyemi, kwa hiyo nikaivaa ofisini mjini bila kujua kwamba sufu nzito hujivuta yenyewe kwenda chini. Mwenzangu wa meza ya pili aliitazama wee, halafu akauliza, "Hii sketi yako inakua ama ni macho yangu?" Nikamwambia afanye kazi iliyomleta. Jioni nilishuka ngazi nikiwa nimeipandisha kwa mikono miwili kama mtu anayevuka mto.

Mimi nina hasira za karibu, na nikikasirika huwa siachi kitu, nakikazania. Jioni ile ile nikatwaa mkasi nikakata sweta nyingine. Cherehani iliuvuta ukingo mpaka ukajikunjakunja kama chapati iliyosukumwa na mgeni.

"Unachinja nguo," Mama akasema kutoka kitandani.

Mama alikuwa amekuja kukaa nami Loresho, katika nyumba ndogo niliyopanga nyuma ya nyumba kubwa ya watu, akingoja kupasuliwa mtoto wa jicho. Ilikuwa Julai, na Julai ya Loresho haina utani. Yeye, aliyezoea jua la Machakos, alishinda amejifunga leso tatu akitetemeka. Daktari alikuwa ametuonya kwamba akishikwa na kifua, upasuaji utaahirishwa, na kila alipokohoa hata kwa sababu ya chai moto, moyo wangu uliruka.

Nilimpa sweta mojawapo ya mitumba, nzuri, nzito. Akaipapasa, akanirudishia.

"Hizi ndizo zilinifungia mlango."

Mama alitulea kwa mashine ya kufuma. Alifuma sweta za shule za mtaa mzima, mpaka mitumba ilipojaa sokoni na wateja wakapungua, mashine ikafunikwa kitambaa. Yeye mwenyewe hakuwahi kujifumia sweta ya maana, mganga hajigangi. Tena alikuwa na sheria yake moja: sweta haikatwi. Ikichakaa hufumuliwa, uzi ukaoshwa, ukakunjwa kuwa donge, ukafumwa upya. Nyumbani kwetu mkasi karibu na sweta ulikuwa kama mbuzi kanisani.

Lakini sasa hakuona vizuri hata kuhesabu nyuzi, na mimi kufuma sikuwahi kujifunza. Nilijua kukata, na hata huko kukata nilikuwa najua nusu.

Nikampigia dada yangu simu huko nyumbani. Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, nikaenda River Road kuchukua mzigo uliokuja na basi. Ndani yake mlikuwa na sweta nne za kijani zenye mistari miwili ya manjano shingoni na kwenye pindo. Watoto wanne, shule moja, mfumaji mmoja. Zamani zilikuwa kijani kimoja, lakini kila mtu alikuwa ameipausha yake kwa namna yake. Yangu ilikuwa na kiwiko kilichozibwa mara nyingi, maana darasani nilikuwa mtu wa kulalia dawati.

Nilipitia duka la uzi Biashara Street. Mama Mhindi mwenye duka akanitazama nilivyoshika ile kijani, akanionea huruma. "Weka gazeti chini ya nguo, shona juu yake, halafu pasua gazeti. Na shona kwanza, kata baadaye."

Jumamosi nzima nilishona juu ya magazeti. Mama alilala akiusikiliza mkasi. Kiwiliwili nikakitoa kwenye sweta tatu, mikono nikaitoa kwenye yangu. Mapindo yenye mistari sikuthubutu kuyagusa, nikayaacha chini ya koti yalivyokuwa. Mkono mmoja ulitoka mrefu kuliko mwenzake. Nilikaribia kulia, kisha nikapiga vifungo na kumpelekea hivyo hivyo.

Akaliweka mapajani. Vidole vyake vikapita shingoni, vikashuka hadi kwenye mistari, vikarudi juu vikasimama kwenye kiraka.

"Hiki kiwiko ni chako."

"Ni changu, Mama."

Vidole vikafika kwenye mshono. "Umezikata."

"Nimezikata."

"Zote nne?"

"Zote nne."

Nikajiandaa kwa vita. Nilikuwa na maneno yangu tayari, mazuri kabisa, kuhusu baridi na daktari. Mama akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, akafunga vifungo hadi shingoni.

"Mkono wa kushoto umezidi," akasema.

"Nitaukata."

"Wewe na kukata. Wacha, nitaukunja."

Alilala nalo. Kikohozi hakikuja, na furaha niliyokuwa nayo wiki ile sikuijua hata siku nilipopata kazi.

Jumapili tulienda kanisani Kangemi. Mistari miwili ya manjano katika mji huu haiwezi kupita bila kuulizwa, na mama mmoja wa kiti cha nyuma yetu akashindwa kujizuia. "Mama, na hii sweta ni ya shule gani?"

Niliona aibu mpaka masikioni. Mama hata hakugeuka vizuri.

"Ya shule yangu," akasema. "Nimesomesha wanne."

Alipasuliwa siku iliyopangwa. Kesho yake walipomfungua bandeji, hakunitazama mimi kwanza. Aliliomba koti, akalipeleka dirishani kwenye mwanga, akaligeuza ndani nje, akafuata mshono mmoja baada ya mwingine huku mimi nimesimama kama mtoto anayengoja kusahihishiwa hesabu.

"Mshono umepinda," akasema.

Kisha akalivaa tena, akakunja mkono wa kushoto, tukaenda nyumbani.