Victorine Hakuchagua

Victorine Kabange, muuza samaki wakavu wa mtaa wa Ruashi, alivunjika mguu chini ya goti mwezi wa Machi, pikipiki iliyombeba ilipoteleza. Alikaa na plasta miezi miwili. Ilipotolewa, mguu ulikuwa umekonda na goti halikunjiki. Alitaka jambo moja: kurudi sokoni kwa miguu yake.

Jumatatu na Alhamisi alikwenda kwenye kituo cha mazoezi ya viungo. Huko Ephraïm, mtaalamu wa mazoezi, alimkunja goti na kumfundisha kutembea kwa magongo, bila kuuwekea mguu uzito wote. Siku nyingine Mama Chileshe, mganga wa mifupa, alimkanda nyumbani kwa mafuta ya mbarika yaliyopashwa moto. Siku ya kwanza mganga huyo alivunja mguu wa kuku, akaufunga kwa vijiti, akamwacha uani. Kwa desturi yake, siku kuku anapotembea, mgonjwa naye hutembea. Mgonjwa asipotembea siku hiyo, uponaji unabaki kwa kuku.

Siku ya ishirini na mbili, Jumanne, kuku alivuka ua akifuata mahindi. Mama Chileshe alichukua magongo, akayaegemeza langoni.

“Kuku imetembea. Simama, mama.”

“Kuku iko na kilo mbili,” alisema Victorine. “Mimi niko na makumi nane.”

Virginie, dada yake, ndiye aliyemleta mganga. “Unatupatisha haya. Unapenda muguu ibakie ku kuku?”

“Basi mutaipika na majani ya sombe. Nitaikula, irudi.”

Akajishusha kitini, akajiburuta kwa makalio hadi langoni, liputa alilojifunga kiunoni likijaa vumbi jekundu, akachukua magongo yake. Mama Chileshe aliondoka bila kuaga. Kesho yake alirudi amenuna, chupa mkononi, akakanda.

Alhamisi Ephraïm alinusa mafuta mguuni.

“Mama, nilikuambia: yeye ao mimi. Nafuta jina lako ku daftari.”

“Mafuta inaharibu nini, docta?”

“Haiko mafuta. Siku moja atakutupisha magongo.”

“Alijaribu juzi. Angalia, niko nayo.”

Ephraïm akaita mgonjwa mwingine. Victorine hakutoka kwenye benchi. Wagonjwa sita walipita. Adhuhuri Ephraïm alipoanza kukusanya vifaa, alimkuta amekwisha kupanda kitandani, mguu umenyooshwa.

“Kunja,” akasema hatimaye.

Goti lilikunjika kuliko Jumatatu. Akalipima, akalipima tena: digrii tisini na tano.

“Andika,” alisema Victorine. “Na andika nani ananikanda.”

Ephraïm aliandika digrii tu. Victorine akamtoa kalamu mkononi, akaandika chini ya digrii kwa herufi kubwa: MAMA CHILESHE.

Ephraïm alisoma, akaifunga faili bila kufuta kitu.

“Jumatatu,” akasema. “Usichelewe.”