Filimbi Iko Wapi?

Nina pumu tangu utotoni, na shuleni kwetu Kalama haikuwa siri. Kiangazi, tukifagia darasa asubuhi, vumbi lilipanda na kifua changu kikaanza kulia. Darasa la sita wakanibandika jina: Filimbi. Nikipita, mmoja anafanya "fiii," wengine wanaangua kicheko. Niliwachukia kweli kweli. Inhela yangu ya dawa ya pumu niliificha ndani ya soksi, na mara mbili nilijikaza bila kuivuta, eti wasinione. Ujinga mtupu.

Nilichotaka kuliko vyote ni kucheza ngoma ya Kikamba katika kikundi cha shule. Daktari alisema nicheze tu, mradi nivute dawa kwanza. Mama alikubali. Waliokataa ni wachezaji, hasa kiongozi wao, msichana mwenye mdomo mrefu: "Huyu atatuangukia hapa!" Basi nikawa wa kukaa kwenye ngazi nikiwalindia sweta.

Siku moja akaja mwalimu mpya wa muziki, mtu wa Pwani mwenye Kiswahili kilichonyooka. Ngoma yetu haiendi bila filimbi. Hiyo ndiyo huamuru miguu. Akauliza, "Filimbi iko wapi?"

Kwetu "iko" haichagui: mtu iko, kiti iko. Wote wakaninyooshea vidole, mbavu hawana.

"Iko hapo, mwalimu!"

Na kweli, filimbi ya kiongozi ilikuwa juu ya sweta, mapajani mwangu. Mwalimu akaiona.

"Kumbe mpigaji ni wewe! Mbona umejificha? Njoo mbele."

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyethubutu kumsahihisha, maana angelazimika kumweleza na ule utani. Nikainuka, nikaenda mbele. Nikatoa inhela kwenye soksi mbele ya wote, nikavuta, nikatulia kidogo. Kisha nikaifuta filimbi kwa sketi, nikapuliza.

Miguu ishirini ikapiga chini pamoja! Pumzi iliponipungukia niliacha, nayo miguu ikaacha, wakanitazama wakingoja. Nilifurahi hadi nikataka kulia. Mwalimu aliniachia filimbi siku hiyo, na sikuirudisha.

Wiki iliyofuata nilichelewa mazoezi. Nikiwa langoni nikamsikia yule kiongozi akiuliza kwa sauti, "Filimbi yuko wapi? Hatuwezi kuanza."

Yuko, alisema. Nikaanza kukimbia, nikakumbuka kifua changu, nikatembea. Wangengoja.